Jim Reeves: nambari moja ya chati ipi?

Mhariri,

Mnapoandika kwamba wimbo wa Jim Reeves, mwimbaji wa kantri wa Marekani, ulishika nambari moja, tunaomba mtaje papo hapo mambo matatu: chati ipi, nchi gani, mwaka gani. Makala yenu ya hivi majuzi kuhusu muziki wa kantri yalitia He'll Have to Go na Distant Drums kapu moja, yakasema nyimbo zote mbili ziliongoza Marekani. Si uongo, ila ni ukweli uliokatwa mkia, na utamu wa habari yenyewe uko mkiani. Sisi tunaoandika ni watu wa santuri hapa Mombasa, wakusanyaji na mafundi wa mitambo, na haya ndiyo tunayoyajua.

Hesabu ya jumla ni hii. Nyimbo 11 za Jim Reeves zilifika kileleni mwa chati ya kantri ya Billboard, jarida la biashara ya muziki la Marekani. Katika Hot 100, chati kuu ya nchi hiyo inayochanganya muziki wa kila aina, hakuna hata wimbo wake mmoja uliowahi kufika kileleni. Na kati ya zile 11, tano zilimkuta hai. Sita zilipanda akiwa kaburini.

Alizaliwa tarehe 20 Agosti 1923 huko Galloway, Texas. Alicheza besiboli mpaka jeraha la mshipa wa fahamu wa mguu likamtoa uwanjani, akaingia redioni kama mtangazaji. Wanaoshangaa kwa nini kila silabi yake inasikika hata kwa msikilizaji asiyejua Kiingereza vizuri, jawabu liko hapo: alifunzwa kusema kabla ya kufunzwa kuimba. Santuri zake za kwanza alizirekodia kampuni ndogo ya Macy's mjini Houston mwaka 1949, na hazikuvuma. Mwaka 1953 akiwa na kampuni ya Abbott alitoa Mexican Joe, ukafuata Bimbo, na zote mbili zikafika kileleni kwenye kantri. Anayemjua Jim wa sauti ya mahameli tu hatamtambua humo. Anaimba juu, haraka, kwa furaha ya mtu wa gulioni, na fidla inamkimbiza nyuma.

Hapo kwenye 1953 ndipo waandishi wengi wanapoteleza. Wakati ule Billboard haikuwa na chati moja ya kantri, ilikuwa nazo tatu: moja ya mauzo ya madukani, ya pili ya nyimbo zilizopigwa sana na watangazaji wa redio, na ya tatu ya zile mashine za kutumbukiza sarafu mikahawani. Wimbo uliweza kuwa wa kwanza kwenye mashine na wa nne madukani katika wiki ileile. Ile ya mashine ilifungwa 1957, na mbili zilizobaki ziliunganishwa kuwa moja Oktoba 1958, miezi miwili tu baada ya Hot 100 kuanza tarehe 4 Agosti mwaka huohuo. Kwa hivyo ukiona vitabu viwili vinatofautiana kuhusu wiki ambazo wimbo wa kabla ya 1958 ulikaa juu, usikimbilie kusema kimoja kinadanganya. Huenda kimoja kinahesabu chati ya mauzo peke yake, na cha pili kinachukua ile iliyompa msanii wiki nyingi zaidi.

Mwaka 1955 alijiunga na kampuni ya santuri ya RCA Victor. Mageuzi makubwa yalikuja Februari 1957 na Four Walls, chini ya mtayarishaji Chet Atkins. Atkins aliuona kuwa wimbo wa kuimbwa na mwanamke, Jim akaung'ang'ania. Alichofanya studioni ni jambo la kifundi, na linafaa kuelezwa kifundi: aliisogelea maikrofoni mpaka karibu kuigusa kwa midomo, akashusha sauti. Maikrofoni inayosikiliza upande mmoja huongeza unene wa sauti kadiri unavyoikaribia. Ukipaza sauti ukiwa hapo, kanda inalemewa na muziki unakwaruza. Ukiimba kwa kunong'ona, unapata kifua chote cha mwimbaji pamoja na pumzi yake. Atkins naye akapunguza fidla na lile gitaa linalopigwa kwa kutelezesha chuma, akaweka piano na waimbaji wa kuitikia. Four Walls ukawa wa kwanza kwenye kantri na wa 11 kwenye nyimbo za kawaida. Kwa mtu wa kantri wa mwaka 1957, hiyo 11 ilikuwa na uzito kuliko ile 1, maana ilionyesha kwamba watu wasionunua kantri walikuwa wamefungua pochi.

Baada yake Billy Bayou, ulioandikwa na Roger Miller, uliongoza kantri mwanzoni mwa 1959. Kisha ukaja ule ambao kila mtu anaujua.

He'll Have to Go uliandikwa na Joe na Audrey Allison, na Billy Brown alikuwa ameshautoa bila mafanikio. Jim aliurekodi Oktoba 1959 katika studio ya RCA mjini Nashville: Floyd Cramer kwenye piano, Bob Moore kwenye besi, Hank Garland kwenye gitaa, Buddy Harman kwenye ngoma, Marvin Hughes kwenye vibrafoni, na waimbaji wa Anita Kerr nyuma. Kampuni iliuweka upande wa pili wa santuri. Upande wa kwanza ulikuwa In a Mansion Stands My Love, na leo ni nadra kumpata mtu anayeweza kukuimbia hata ubeti mmoja wake. Watangazaji waliigeuza santuri, na mwaka 1960 ule upande wa pili ukakaa wiki 14 kileleni mwa kantri. Kwenye Hot 100 ulifika nambari 2 ukakwama hapo, kwa sababu juu yake palikuwa na Percy Faith na okestra yake wakipiga Theme from A Summer Place, kipande kisicho na maneno hata moja. Uingereza ulifika nambari 12. Ukavuma hata ukazaa jibu: mwaka huohuo Jeanne Black alitoa He'll Have to Stay, akimjibu yule mwanamume anayezungumza kwa simu katika wimbo wa Jim, naye akafika nambari 4 kwenye Hot 100.

Kwa hivyo kusema wimbo huo uliongoza Marekani kunategemea ni Marekani ya nani. Tofauti ya chati hizi mbili si jambo dogo. Mchukueni Don Williams, ambaye matatu ya Mombasa hayajamchoka mpaka leo: alikuwa na nyimbo 17 zilizofika kileleni mwa kantri, lakini kwenye Hot 100 ni wimbo mmoja tu ulioingia katika 40 za juu, I Believe in You, ulioishia nambari 24 mwaka 1980. Kwa upande mwingine kuna Skeeter Davis. The End of the World wa mwaka 1963 haukufika kileleni mwa kantri wala mwa Hot 100, ulikuwa wa pili kote kuwili, ila uliingia kumi bora hata kwenye chati ya nyimbo za Wamarekani weusi. Nani alifaulu zaidi kati ya hao wawili? Mwandishi asiyetaja chati hawezi hata kuuliza swali hilo.

Tarehe 31 Julai 1964 ndege ndogo aliyokuwa akiiendesha Jim mwenyewe ilianguka karibu na Nashville katika mvua kubwa. Alikufa pamoja na Dean Manuel, mpiga piano wake. Wimbo wake I Guess I'm Crazy ulikuwa tayari sokoni, ukapanda ukakaa wiki 7 kileleni mwa kantri. Huo ndio wa kwanza wa zile sita. Zilizofuata ni This Is It na Is It Really Over? mwaka 1965, Distant Drums na Blue Side of Lonesome mwaka 1966, na I Won't Come In While He's There mwaka 1967, mwaka alioingizwa katika Jumba la Heshima la Muziki wa Kantri. Miaka minne mfululizo, 1964 hadi 1967, marehemu akiwashinda walio hai. Haikuwa miujiza. Jim alikuwa mtu wa kurekodi bila kuchoka, na mjane wake, Mary, aliishika hazina ile ya kanda akaitoa kidogokidogo, kwa mpango, miaka mingi.

Distant Drums unastahili aya yake. Uliandikwa na Cindy Walker, na Jim aliurekodi kama sampuli tu, ya kumwonyesha mtunzi jinsi wimbo unavyokaa. RCA haikuuona kuwa wa kutolewa. Mwaka 1966 vita vya Vietnam vilikuwa vimepamba moto, na wimbo wa kijana anayemwomba mchumba wake wafunge ndoa kabla ngoma za mbali hazijamwita ukapata masikio mapya. Wakachukua ile sampuli, wakaiongezea okestra juu yake, wakaitoa. Sasa tazameni nambari zake. Kantri ya Marekani: nambari 1, wiki 4. Hot 100 ya Marekani hiyohiyo: nambari 45. Uingereza: nambari 1, wiki 5, tangu mwisho wa Septemba 1966, Beatles wakiwa wametoka kileleni wiki moja tu nyuma. Wimbo mmoja, mwaka mmoja, na nambari mbili mbalimbali ndani ya nchi moja. Makala yenu yakisema uliongoza Marekani, msomaji atadhani uliwapita watu wote kule, kumbe ni Uingereza ndiko ulikowapita watu wote, kwa sababu chati ya Uingereza haikutenga kantri upande wake.

Wanaotaka kuwa makini zaidi wajue pia kwamba Uingereza ya 1966 haikuwa na chati moja rasmi. Magazeti kadhaa yalichapisha chati zake, kila moja likipigia simu maduka yake. Orodha zinazotumika leo hufuata gazeti la Record Retailer kwa miaka ya 1960 mpaka mwanzoni mwa 1969. Ukikuta kitabu cha zamani cha NME, gazeti jingine la muziki la huko, kinatoa wiki tofauti, sababu ni hiyo.

Uingereza, kwa kweli, ilimpenda kwa namna yake. Welcome to My World ulikuwa wa 6 huko mwaka 1963. Mwaka 1964 I Love You Because ulifika nambari 5, na I Won't Forget You nambari 3. Mwaka 1969 albamu ya bei nafuu, According to My Heart, ilishika nambari 1 ya albamu, ikiwa na nyimbo za miaka mingi nyuma. Mwaka 1975 mkusanyiko wa 40 Golden Greats, uliouzwa kwa matangazo ya televisheni, nao ukafika nambari 1. Hizo ni chati za albamu. Msizichanganye na za nyimbo. Afrika Kusini nako alizuru, akacheza filamu ya Kimberley Jim na kuimba nyimbo kadhaa kwa Kiafrikana, mafanikio ambayo hayaonekani popote kwenye Billboard.

Sasa kuhusu kanda zenyewe, kwa sababu hapa ndipo wasikilizaji wetu wanapouziwa mbuzi kwenye gunia. Sauti ikiwa imerekodiwa kwenye njia yake peke yake, fundi anaweza kuitoa, akatupa ala za zamani na kuweka mpya. Ikiwa sauti na ala zimechanganywa kwenye njia moja, hawezi kutenganisha. Anachoweza ni kufunika, yaani kupiga ala mpya kwa nguvu kuzidi zile za mwanzo. Kwa hiyo wimbo uleule wa Jim unaweza kuwepo katika sura tatu: wa asili, uliofunikwa kwa nyuzi miaka ya 1960, na uliovishwa ngoma na gitaa za kisasa baadaye. Mwaka 1979 na 1980 sauti yake ilitolewa kwenye kanda ikaunganishwa na ya Deborah Allen, mwimbaji aliyekuwa mtoto Jim alipokufa, na nyimbo tatu zikaingia kumi bora za kantri. Mwaka 1981 ikaunganishwa na Patsy Cline kwenye Have You Ever Been Lonely, ukafika nambari 5. Wawili hao hawakuwahi kuurekodi pamoja. Patsy alikuwa mwimbaji wa kampuni nyingine, naye alikufa kwa ajali ya ndege Machi 1963. Kila mmoja alikuwa na rekodi yake ya wimbo huo, na mafundi wakazilazimisha zilingane mwendo. Tunakiri kazi ilifanywa kwa ustadi, ila mtangazaji anayeutambulisha kuwa siku Jim na Patsy walipokutana studioni anawapotosha watu.

Utaijuaje santuri uliyoshika? Kwa RCA Victor za Marekani soma herufi za mwanzo wa nambari ya albamu. LPM ni mono. LSP ni stereo. LSP yenye herufi e ndani ya mabano mwishoni mwa nambari ni mono iliyogeuzwa stereo kwa umeme: waligawa besi upande mmoja na kali upande mwingine, wakaongeza mwangwi. CAL na CAS ni Camden, tawi lao la bei nafuu, mono na stereo kwa mpangilio huo. Ukiwa na hiari, chukua LPM kwa nyimbo za miaka ya 1950, na LSP isiyo na e kwa za kuanzia 1960. Jaribio la kugundua stereo ya bandia ni rahisi: bonyeza kitufe cha mono kwenye amplifaya, au washa mono katika mipangilio ya simu. Stereo halisi itabaki na Jim aliye imara katikati. Ya bandia, sauti yake itakuwa kama imetobolewa.

Santuri za 45, yaani zinazozunguka mara 45 kwa dakika, zina nambari ya kazi iliyochapwa kwenye lebo au kukwaruzwa karibu na katikati. Kwa RCA ya miaka hiyo, herufi ya kwanza ni mwaka kazi ilipoingizwa daftarini: H ni 1957, J ni 1958, K ni 1959, L ni 1960, na kuendelea hivyo mpaka T ya 1966, wakiruka I, O na Q. He'll Have to Go inaanza na K, jambo linaloafiki Oktoba 1959, ingawa chati zake ni za 1960. Hiyo ndiyo sababu ya ule ubishi wa mwaka unaosikika kila mara: wote wawili wana haki, mmoja anasoma kanda na mwingine anasoma chati.

Kwa wanaonunua flashi za nyimbo mia mbili, mtihani ni muda na ala. He'll Have to Go wa asili unachukua dakika mbili na theluthi hivi. Ukikuta dakika tatu na nusu, au ngoma nzito ya densi, huyo ni mwingine, au ni Jim aliyevishwa. Wa asili hauna fidla. Sikiliza vibrafoni, ile milio ya kama kengele laini, na piano ya Cramer inayotelezesha noti kutoka pembeni. Majina kwenye flashi huwa yamebadilishana pia, kwa hivyo msiandike makala kwa kutegemea jina la faili.

Kasi nayo hudanganya. Mtambo ukikimbia zaidi kwa asilimia 3, wimbo wa sekunde 140 unapungua sekunde 4, na sauti inapanda robo toni. Tatizo kubwa zaidi huku kwetu ni mitambo ya mtumba kutoka Marekani. Kule umeme ni volti 120 na mizunguko 60 kwa sekunde, hapa ni volti 240 na mizunguko 50. Watu hununua transfoma wakadhani wamemaliza. Transfoma hushusha volti tu, haigusi mizunguko. Mtambo wa zamani ambao mota yake hufuata mizunguko ya umeme utazunguka pungufu kwa sehemu moja ya sita: santuri ya 33 na theluthi inakwenda kama 28, na Jim, ambaye tayari ni mzito, anashuka toni moja na nusu na kuwa kama anayeimba kutoka ndani ya kisima. Dawa ni kubadilisha puli ya mota kwa ile ya mizunguko 50, yenye kipenyo kikubwa zaidi kwa uwiano wa 6 kwa 5. Fundi wa mashine za kukata chuma anaweza kuichonga ukimpa ya zamani apime. Mitambo ya mota za umeme wa betri haina shida hii. Tena santuri nyingi za 45 za Marekani zina tundu kubwa la milimita 38, zinahitaji kipande cha kujazia katikati. Zikiwekwa bila kukaa sawasawa katikati, sauti inapanda na kushuka kila mzunguko.

Sindano: santuri za zamani za mizunguko 78 kwa dakika, kama zile za Abbott, zinahitaji ncha ya takriban mikroni 75. Ncha ya albamu ni mikroni 18 hadi 25, na ukiitumia kwenye 78 inaburuta sakafu ya mfereji, unasikia mvumo mkubwa kuliko muziki. Uzito wa mkono ufuate kipimo cha mtengenezaji wa katriji, yaani kichwa kinachoshika sindano. Wengi hupunguza wakidhani wanaihurumia santuri, kumbe sindano nyepesi mno hurukaruka na kugonga kuta za mfereji, na uharibifu huo hautoki.

Chumvi na unyevu wa Mombasa ni adui wa peke yake. Usioshe santuri kwa maji ya kisima, yana chumvi, na yakikauka yanaacha unga ndani ya mifereji. Tumia maji yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa vituo vya petroli kwa kujazia betri, ila hakikisha ni maji na si asidi, maana chupa zake hufanana. Lita moja, matone mawili matatu ya sabuni ya vyombo, kitambaa laini, ukifuta kwa kuufuata mfereji. Lebo isilowe. Suuza kwa maji yaleyale bila sabuni, kausha kivulini ukiisimamisha. Spiriti usiiguse kwenye 78 kabisa: zile zimetengenezwa kwa shelaki, na spiriti huiyeyusha. Mifuko ya ndani ya karatasi iliyoota ukungu itupwe, weka ya plastiki nyembamba isiyong'aa. Majalada ya plastiki nene inayonata hushikana na santuri kwenye joto letu na kuacha mawingu yasiyofutika. Na zisimame wima. Zikilazwa zinapinda kwa uzito wa wenzake.

Jambo moja la nyumbani. Umaarufu wa Jim Reeves Pwani haukupimwa na chati yoyote, ulipitia redio, santuri na baadaye kanda. Vivyo hivyo taarabu zilizotolewa hapa Mombasa kwa lebo ya Mzuri ya duka la Assanand: hakuna orodha ya wiki kwa wiki, na bado kila nyumba inazijua. Kwa hiyo msimpe Jim nambari 1 ya Kenya. Semeni alipendwa sana, inatosha. Na msilinganishe wiki zake 14 za mwaka 1960 na za wasanii wa leo. Tangu 1990 chati ya kantri ilihesabiwa kwa mitambo inayosikiliza redio, badala ya ripoti za watu. Tangu 2012 ikachanganya pia mitandao ya kusikilizia, na ndiyo maana Meant to Be wa Bebe Rexha na Florida Georgia Line uliweza kukaa wiki 50. Vipimo ni mbalimbali, hata kama jina la chati ni lilelile.

Kwa vile msimu unakaribia na maombi ya nyimbo za Krismasi yataanza kumiminika redioni: albamu inayotakiwa ni Twelve Songs of Christmas ya 1963, aliyoirekodi akiwa hai na ala zake mwenyewe. Ile yenye This World Is Not My Home ni nyingine, We Thank Thee ya 1962, ni ya nyimbo za dini na haina Krismasi ndani yake. Mkiandika habari zake, anzieni hizo mbili, na mwaka muutoe kwenye lebo.

Wapenzi wa santuri,
Mombasa